Poda Waliyonimwagia Bure

Nina miaka ishirini na mbili. Mtaani kwetu hapa Likasi watu wananiita Dokta, wakubwa kwa wadogo. Ndugu wasomaji, udaktari wenyewe sijausoma hata siku moja… Jambo hili limenikaa kooni na nimechoka kulimeza.

Mama alifariki nikiwa mwaka wa tatu wa sekondari. Wadogo zangu walikuwa watoto, baba anashinda kiwandani kwenye shaba, na kaka yangu mkubwa, yaya Trésor, alikuwa amehamia Lubumbashi kutafuta maisha. Nani apike? Nani afue? Mwaka ule nilipata asilimia arobaini na nane, nikarudia darasa. Jirani mmoja alisema, nami nasikia, kwamba akili yangu ilizikwa pamoja na mama. Watu wakacheka!

Lakini mimi kichwa kigumu. Nilipanda hamsini na mbili, kisha hamsini na saba, na mwaka wa mwisho sitini na nne. Haba na haba hujaza kibaba, sivyo? Bahati mbaya mtihani wa taifa ulinipa hamsini na sita tu. Kwa anayetaka udaktari, hiyo ni ndogo. Hata hivyo nilipeleka maombi Lubumbashi pamoja na buletini zangu zote, yaani ripoti za alama za shule, nikafanya mtihani wa kuingia, nikarudi mbio kumuuguza baba.

Baba alikuwa ameacha kazi kwa sababu ya kifua. Kila akikohoa anashika ukuta. Kwetu mtoto akifaulu, anamwagiwa poda nyeupe kichwani na mtaa mzima unaimba. Baba alikuwa akiniambia kila siku, "Mado, minye sitakufa bila kuona bile banakumwangia poda ya dokta."

Majibu yalipobandikwa, sikuweza kumwacha. Nikamtuma yaya Trésor aende kuyasoma. Simu ilipolia, baba aliipokea mwenyewe. Niliona uso wake unabadilika.

"Amepita! Mado amepita!"

Aliinuka kitandani peke yake… mtu aliyekuwa akigeuzwa kama mtoto! Majirani walijaa uani. Baba mwenyewe ndiye aliyenimwagia poda, nyingi hata ikaniingia machoni. Nilichukua simu nikamuuliza yaya kama ni kweli. Akasema tu, "Furahi kwanza na papa, mudogo yangu." Nikadhani simu inakatika, hakunisikia. Mjinga mimi!

Baba alifariki wiki ileile. Yaya alikuja kwenye matanga, akalia mpaka wanaume wakamshika. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mimi. Masomo hatukuyazungumza. Nani azungumze masomo mbele ya kaburi bichi?

Masomo yalipokaribia kuanza nilifunga begi, na ndani yake bluzi nyeupe ya kidaktari aliyonishonea fundi wa mtaa, nikaenda Lubumbashi kujiandikisha. Karani alitafuta jina langu, akatafuta tena… halipo! Nilimwomba aangalie vizuri. Aliniangalia kwa huruma.

"Ni weye Mado? Tulikungojea kwa repêchage! Bakubwa ba jury balisema, huyu mutoto alianza chini, lakini kila mwaka anapanda, akuje atuelezee. Haukukuja."

Repêchage ni nafasi ya pili ambayo jury, walimu waamuzi, huwapa waliokosa kidogo. Majina yao yalibandikwa kwenye karatasi ya pembeni, wakaitwa siku chache baada ya majibu. Siku hizo mimi nilikuwa nasuuza poda kwenye nywele, kisha nikamlilia baba. Kwa hiyo ile sitini na nne yangu kuna watu waliiona! Mlango ulikuwa wazi, wananiita, nami sikujua. Nilikaa chini palepale sakafuni nikalia.

Nilipofika kwake jioni ile, yaya Trésor alipiga magoti. "Papa alikuwa anauliza na ile sauti yake… Nilishindwa, Mado. Jina yako haikukuwa kwa bale balipita. Karatasi ingine ya pembeni sikuangalia. Nilisema nitakuelezea kisha. Kisha papa akakufa."

Nimchukie? Alimpa baba kifo chenye furaha, lakini akakilipa kwa maisha yangu. Siku nyingine nasema heri ilivyokuwa, baba alicheka. Siku nyingine natamani kumpiga kofi! Mwaka uliofuata nilirudi na buletini zangu, nikaambiwa masharti yamepanda, chini ya sitini kwenye mtihani wa taifa hawampokei mtu hata kwa mtihani wa kuingia.

Juzi mama wa jirani aligonga mlango, mtoto mgongoni. "Dokta, uniangalilie mutoto, iko na moto sana." Kwa mara ya kwanza nililisema kwa mdomo wangu: "Mama, minye haiko dokta." Alidhani naringa. Nilimchukua yule mtoto tukakimbia naye kituo cha afya, machozi yananitoka njia nzima.

Wasomaji wangu, hasa ninyi mnaopanda polepole, nawasihi… majibu yako usimtume mtu, hata kama anakupenda. Nenda mwenyewe usome ukuta wote, mpaka karatasi ya mwisho pembeni. Na ninyi mnaotupenda, tuambieni ukweli mapema, hata kama kuna mgonjwa kitandani! Baba yangu alikwenda akiamini ameacha dokta nyumbani. Dokta huyo hakuwepo.