Esigani Alipokuja Boito

"Zima hilo lori! Kuna mtu anaongea!"

Okemwa alikuwa amezoea kutukanwa. Dereva wa majani ya chai akichelewa, matusi ni mshahara wake wa pili. Lakini Jumanne hiyo lori lilikuwa limekwama kwenye matope saa mbili nzima, na alipofika kituo cha kununulia chai pale Boito, hakuna aliyeuliza alikuwa wapi. Wakulima walikaa juu ya magunia yao wakimwangalia msichana mmoja aliyevaa gambuti nyekundu na sweta ya kijani iliyochakaa viwiko.

Akazima injini.

"Niliugua akili, nikafungwa kamba kwa stoo ya mahindi," msichana alikuwa akisema. "Miezi mitatu. Baba yangu hakunichukia. Alikuwa anaogopa nitaingia mtoni. Leo nakunywa dawa, nalala, nafanya kazi ya kutembelea wagonjwa. Kama umemfungia mtu nyumbani, niite. Siji na polisi. Nakuja kukaa naye tukunywe chai, halafu nawasindikiza kliniki."

Hakulia wala hakuomba huruma. Alisema kama mtu anayetaja bei ya mbolea. Okemwa, mwanaume wa miaka thelathini na mmoja, mkubwa wa mwili na mwoga wa maneno, alisahau kushuka.

Makarani walipoanza kupima magunia, msichana alikuja dirishani.

"Dereva, asante kwa kuchelewa. Ukikwama ndiyo mimi napata watu."

"Kumbe matope yana faida."

"Unatoka wapi?"

"Chepilat. Naitwa Okemwa."

"Ah, Mkisii! Mimi ni Chepngeno. Chamgei," akamsalimia kwa lugha ya kwao.

"Chamgei mising," akajibu, ulimi ukateleza katikati.

Msichana alicheka mpaka akashika mlango wa lori. "Rudi ujaribu tena Jumanne."

Jumanne iliyofuata barabara ilikuwa kavu. Hata hivyo Okemwa aliegesha lori nyuma ya kilima nusu saa, akisikiliza redio, ili Chepngeno amalize kuongea. Wiki ya tatu aliegesha saa nzima. Majani yakaanza kupata joto ndani ya magunia, na mkulima mmoja aliyeitwa Mama Aron akashindwa kuvumilia.

"Nyinyi wawili, kama ni mapenzi yapelekeni Jumapili! Chai yangu inaungua!"

Wakayapeleka Jumapili. Walikutana mjini Kapkatet, Okemwa na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linakata, Chepngeno na gauni la buluu na viatu alivyobeba mkononi kupita kwenye matope. Walikula mandazi, wakabishana nani anakula zaidi. Siku za kazi simu ndiyo ilifanya kazi.

"Umekunywa dawa, mpenzi?"

"Nimekunywa. Na wewe umekula nini?"

"Matoke."

"Tena? Utageuka mgomba."

Miezi minane ikapita hivyo. Okemwa akawaambia watu wake kwamba anataka kuoa, nao wakafanya wanavyofanya Wakisii: wakatuma esigani, yaani mtu wa kuchunguza nyumba ya msichana. Je, kuna wachawi? Kuna wezi? Kuna wazimu? Aliyetumwa ni Drusilla, shangazi yake Okemwa. Drusilla alikuwa ameunganisha nyumba kumi na nne na hakuna hata moja iliyovunjika.

Alienda Boito akauliza majirani. Majirani wanampenda Chepngeno. Wakaangaliana, wakasema, "Ile boma? Hakuna ugonjwa wowote."

Drusilla akaleta habari hiyo mbele ya familia nzima. Okemwa alikuwa amekaa pale pale. Aliuacha uongo upite. Alitoka nje akapiga simu.

"Mpenzi, umepita!"

"Nimepita nini? Kuna mtihani?"

"Shangazi amesema nyumba yenu ni safi."

"Safi? Si uliwaambia mimi ni nani?"

"Nitawaambia tukishaoana. Sikiliza, mamii. Wachuuzi wa kwetu hupita huko Boito. Acha kuongea kwa vituo mwezi mmoja tu. Mmoja."

"Leo nimetoka kwa mama aliyefungiwa na watoto wake. Nimwambie nini? Angoje Okemwa aoe?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo. Baba alinifunga kamba kwa sababu alikuwa hajui. Wewe unajua."

Akakata. Okemwa alipiga mara tisa. Haikushikwa.

Wiki mbili lori lilifika Boito mapema kila siku, na wakulima wakalalamika vilevile. Chepngeno alikuwa amehamia vituo vingine.

"Dereva," Mama Aron alimwambia, "tangu uanze kuja mapema, hapa hakuna raha. Ulimfanya nini huyo mtoto?"

"Nilimwambia anyamaze."

"Basi wewe ni mjinga."

"Ndiyo, mama."

Jumapili, baada ya kanisa, alimkuta Drusilla akimenya ndizi. Akamwambia yote akiwa amesimama, kwa sababu angekaa angeogopa: kamba, stoo, dawa ya kila siku, hata mkulima aliyemwita mjinga.

"Na ulikuwa unajua?" Drusilla aliuliza.

"Nilimpenda siku niliyomsikia akisema."

"Ukaniacha nibebe uongo mbele ya wazee. Mimi, Drusilla." Kisu kikatua mezani. "Mpigie huyo rafiki yako mkulima. Amwite msichana Jumanne. Nitaenda mwenyewe."

Jumanne Drusilla alishuka kwenye lori na suti yake ya kanisa na kofia ya manyoya, akapita katikati ya magunia hadi mbele ya Chepngeno. Makarani wakaacha kupima.

"Mimi ni esigani. Niliuliza majirani, wakanidanganya. Sasa nakuuliza wewe. Ulishikwa na wazimu?"

"Nilishikwa, mama. Mara mbili."

"Utashikwa tena?"

"Naweza. Siwezi kukuahidi."

"Ikitokea, mtoto wetu Okemwa afanye nini?"

Chepngeno hakuwa amewahi kuulizwa hilo na mtu yeyote nje ya kliniki.

"Usingizi ndio hupotea kwanza. Nikikosa kulala siku mbili, anipeleke kliniki, hata nikimtukana. Mchungaji aitwe baadaye. Asinifunge. Na asinifiche."

"Umesikia, Okemwa? Rudia."

Okemwa akarudia akihesabu kwa vidole. "Siku mbili, kliniki. Hata akinitukana. Nisimfunge. Nisimfiche."

"Na mchungaji?" Mama Aron alipiga kelele.

"Baadaye!"

Wakulima wakacheka. Chepngeno naye alicheka kidogo, kisha akamgeukia Drusilla.

"Na mimi niulize, mama. Kwenu hakuna mtu aliyeshikwa?"

"Hakuna." Drusilla alirekebisha kofia ambayo haikuwa na shida. "Yuko. Mageto, ndugu yangu. Miaka sita yuko nyumba ya nyuma. Wageni tunawaambia ni ugonjwa wa miguu."

Okemwa alitazama matope. Mara ngapi alimpelekea baba mdogo huyo chakula, na yeye pia akasema ni miguu?

"Mlango unafungwa kwa nje?" Chepngeno aliuliza.

"Kwa nje."

"Kesho nitakuja kumwona."

"Na mimi?" Okemwa aliuliza haraka mno.

"Wewe uliniambia ninyamaze."

"Niliogopa. Nilikosea, Chepngeno. Ongea hapa, ongea Chepilat, ongea mbele ya mama yangu. Nitakubebea kiti."

Chepngeno alimtazama mpaka wengine wakaanza kukohoa.

"Nitaongea hata siku ya harusi yetu," akasema. "Jiandae."

Vigelegele vikalipuka juu ya magunia. Okemwa akamshika Chepngeno mikono yote miwili. Drusilla alikuwa tayari amepanda kwenye lori. Alisogea kando, akapiga kiti kwa kiganja.

"Msichana, kwa nini kesho? Majani yakishuka kiwandani tunaenda leo. Ufunguo wa Mageto ninao mimi."