Bi Mkubwa wa Kwenye Televisheni

"Mama, njoo uone. Dereva wangu yuko kwenye televisheni."

Mama alikuwa jikoni anasuuza vyombo. "Dereva yupi?"

"Kwani ninao wangapi? Huyu anayenioa Jumamosi."

Kilikuwa kile kipindi cha mafundi wanaofufua vitu vya zamani. Nesi hakikosi, hata akitoka zamu miguu imevimba. Leo mchumba wake ndiye aliyekaa mbele ya fundi, na mezani kuna kitu kimefunikwa shuka.

"Mali ya nani hii?" fundi aliuliza.

"Ya bi mkubwa."

"Anajua umeileta?"

"Hajui, alinituma nikaitupe. Ila bi mkubwa ndiye aliyenikubali kwanza. Huyu mdogo alinizungusha miezi minane."

Nesi aliganda. Bi mkubwa? Huyu mdogo? Mama yake Dereva alishafariki zamani, kwa hiyo siye. Ina maana kuna mke, na yeye anakwenda kuwa wa pili bila taarifa? Alitazama gauni la kukodi lililoning'inia nyuma ya mlango, asijue acheke au alie. Akaandika ujumbe.

*Harusi hakuna. Kaa na bi mkubwa wako.*

Simu ikaita papo hapo.

"Mpenzi, kulikoni? Mbona sikuelewi?"

"Hata mimi sijielewi. Umeoa lini?"

"Naoa Jumamosi."

"Na bi mkubwa?"

"Aa, umeona kipindi. Walisema watakirusha wiki ijayo. Nilitaka kesho nije nayo hapo mwenyewe."

"Uje naye? Kwetu? Huna hata haya?"

"Nayo, siyo naye. Bi mkubwa si yuko hapo hapo na wewe?"

Nesi aligeuka. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi, maji yanachuruzika kwenye zulia, macho kwenye televisheni. Fundi alishamaliza kazi. Mezani ilikaa cherehani nyeusi inayong'aa, na ukingoni mwa droo yake ya mbao kulikuwa na alama za meno madogo.

"Hayo meno ni yako," mama alisema. "Ndiyo kwanza yalikuwa yanaota. Nikishona, wewe unatafuna droo."

"Mama, si uliniambia imeoza tangu paa livuje?"

"Ilikuwa imeoza. Nikampa mkwe aitupe, nikalia siku mbili. Gauni lako nilipanga kulishona mimi, na yule ndiye niliyemwambia. Wewe sikutaka kukuharibia furaha."

Nesi alirudisha simu sikioni.

"Wewe. Mama yangu ndiye unamwita bi mkubwa?"

"Sasa nimwite mama mkwe kwenye televisheni? Nilikuwa natetemeka pale, neno halitoki." Akashusha pumzi. "Niambie tu. Harusi ipo au haipo?"

Nesi alitaka kujibu, machozi yakamwahi. Alikuwa na aibu, na furaha, na hasira kidogo ambayo hakujua aipeleke kwa nani. Mama akamchukulia simu.

"Mkwe, leo siku gani?"

"Jumatatu, mama."

"Cherehani iko wapi?"

"Kwangu, chini ya kitanda."

"Ilete sasa hivi. Na ukija, hili gauni la watu utalirudisha lilikotoka."

Akakata simu, akafuta mikono kwenye kanga, akavuta droo ya kabati na kutoa utepe wa kupimia ambao Nesi hakujua kama bado upo.

"Acha kulia," alisema. "Simama wima nikupime."