Siku Saba za Kisima cha Nyarusenye

Jumamosi, tarehe kumi na mbili, mwezi wa Julai, mwaka 2025, stendi ya mabasi ya Bweri, mjini Musoma, ilikuwa imefurika watu kama mnada wa ng'ombe. Katika msukosuko wa kushusha mizigo, mfuko mmoja ulidondoka kutoka kwenye buti la basi, ukapasuka, na chembe nyeupe zikatapakaa chini. Bibi mmoja aliinama upesi, akajaza kiganja.

"Mchele huu jamani, unaachwaje?"

"Bibi, usitie mdomoni!" alipaza sauti Jenoveva.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na saba, muuzaji katika duka la dawa pale mjini. Siku hiyo alivaa gauni la kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano, na kila aliyepita alimtazama mara mbili. Yeye alimtazama kijana mrefu mwenye ovaroli na buti zilizojaa vumbi, aliyepiga magoti akizoa chembe zile.

"Kaka, dawa gani hii isiyo na lebo?"

"Lebo ilikuwapo, dada. Imechanika na mfuko."

"Dawa ya nini?"

"Ya visima."

"Kumbe kisima nacho kinakohoa?"

"Kinakohoa, kinakauka koo, na kingine kinanuna kabisa." Kijana akacheka, meno yakang'aa katikati ya vumbi. "Naitwa Masatu."

Jenoveva alijikuta amekunja gauni lake na kuchuchumaa, akizoa pamoja naye. Walipomaliza, Masatu aliomba namba yake ya simu.

"Ya kazi gani?"

"Nikikosea kipimo cha dawa, nikuulize."

"Dawa ya visima sikuisomea."

"Basi utanifundisha ya watu."

Tangu siku hiyo simu hazikukoma. Masatu alizunguka Bunda nzima akitibu visima, na kila jioni alipiga.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula vumbi la Nyamuswa. Sasa nasubiri ugali."

Mwisho wa Julai walikutana Mwigobero, kando ya ziwa, mbele ya sato wa kukaanga aliyejaza sahani. Masatu alikuwa amevaa shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi.

"Jeni, nataka niwatume wazee wangu watoke Nyegina waje kwenu kuleta posa. Unasemaje?"

Jenoveva aliweka chini kipande cha samaki.

"Moyo wangu umeshakubali. Lakini mama amesema hapokei wageni wa posa katika nyumba isiyo na maji ya kunawa mikono. Kisima tunacho, ila ndoo moja ikijaa, mama amekwisha kubangua kopo zima la karanga. Wanaoshindwa kusubiri huchota lamboni, wanakokunywa ng'ombe."

Masatu alichovya kidole katika glasi, akachora mistari ya maji juu ya meza.

"Mwamba wa Butiama ni mgumu, maji hupita katika nyufa. Huenda kisima chenu kina ufa mmoja mkubwa juu, na chini kuna nyufa ndogo zenye maji mengi, lakini zimefumba. Tukisukuma maji kwa mashine ili tuzifungue, nguvu yote hukimbilia ule mkubwa. Chembe zangu ni polima, jamaa ya plastiki. Huuziba ufa mkubwa kwa muda, ili nguvu ishuke ikafungue ndogo. Baada ya siku saba polima hujivunja yenyewe ndani ya maji, na njia zote hubaki wazi."

"Ikivunjika inakuwa nini? Mama yangu atayanywa maji hayo."

"Inakuwa asidi kama ile iliyomo katika maziwa mgando. Maji ya kwanza tunayamwaga, yanayofuata tunayapima, ndipo mnakunywa."

Jenoveva alimwuliza maswali mengine kumi, kisha akakata shauri. Alisimama mwenyewe mbele ya mkutano wa kitongoji chao cha Nyarusenye, huko Butiama.

"Ninamdhamini fundi huyu," alisema. "Kikiharibika kisima, nidaini mimi."

Mzee Magesa, mwenyekiti wa kamati ya maji, alitikisa kichwa taratibu. "Tumekusikia, binti. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mfupa."

Tarehe tisa Agosti kazi ikafanyika. Mashine ilinguruma kutwa nzima, na pampu ya mkono ikarudishwa mahali pake. Kabla ya kuondoka, Masatu alimpa Jenoveva kopo la kioo lenye maji ya kisima kile na konzi ya chembe.

"Hili ni shahidi wako. Likikuonyesha zimevunjika, ujue na chini zimevunjika."

Jenoveva alilipokea kwa mikono miwili, na siku ileile akarudi nalo Musoma. Dukani alitafuta mahali salama kuliko pote, akaliweka hapo.

Jumatatu, simu ya mama yake, Mama Marieta, ilimkuta kazini.

"Mwanangu, ndoo haijai kabisa. Afadhali zamani! Watu wanasema mchumba wako ametujazia plastiki kisimani. Mzee Magesa amefunga pampu kwa mnyororo, hakuna kugusa. Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu wanang'oa pampu, wanaziba shimo kwa zege."

"Mama, alisema siku saba."

"Wafugaji tumezoeaga kungoja, mwanangu. Lakini watu wameshakasirika."

Siku ya saba ilipofika, Jenoveva alilitoa kopo, akalitazama kwenye mwanga. Chembe zilikuwa nzima, nyeupe, ngumu kama siku ya kwanza. Akapiga simu.

"Masatu, umenidanganya."

"Nimekudanganya nini, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi! Shahidi wako ninaye mkononi. Hata chembe moja haijavunjika!"

"Haiwezekani, Jeni. Hebu niambie, umeli…"

"Nilisimama mbele ya watu kwa ajili yako! Mama yangu anachota lamboni na ng'ombe, halafu wewe unaniambia haiwezekani?"

Akakata simu, akaizuia namba yake. Siku nne alifanya kazi akiwa na uso mkavu. Nyumbani alilia mpaka akachoka kulia.

Alhamisi asubuhi aliingia mteja wake wa siku zote, Mama Ngolo, kuchukua insulini.

"Mwanangu, ile niliyochukuaga mwezi uliopita niliiacha dirishani. Daktari amesema imekufa."

"Mama yangu, nilikwambia!" Jenoveva alifungua friji. "Joto huvunja dawa. Baridi ndiyo inayoizuia isi…"

Mkono wake ulikuwa kwenye chupa ya insulini, na nyuma yake, katika rafu ileile yenye baridi ya nyuzi nne, lilikuwa kopo la Masatu.

"Kuna nini, mwanangu? Umeona nyoka?"

"Nimejiona mwenyewe, mama."

Alilitoa kopo, akaliweka dirishani penye jua kali, palipo na joto kuliko kisimani. Hakumpigia mtu simu. Aliomba ruhusa ya Jumamosi, kisha akasubiri. Ijumaa jioni chembe zilikuwa zimelegea. Jumamosi alfajiri maji ya kopo yalikuwa meupe kama uji mwepesi, na alipolitikisa, hapakugonga kitu. Hapo ndipo alipoifungua namba ya Masatu.

"Masatu, nimekosa."

"Kosa gani?"

"Kopo… nililiweka kwenye friji. Pamoja na insulini."

Halafu alisikia kicheko kikianza mbali na kupanda kama maji kwenye bomba.

"Jeni, kisima hakina friji!"

"Cheka tu, nimestahili. Nisamehe."

"Na mimi nisamehe. Nilikupa shahidi bila kukwambia anakaa wapi. Siku saba hizi nimezunguka nikidhani nimekosea kipimo. Niko njiani, natoka Bunda."

"Siwezi kukusubiri. Saa tatu wanang'oa."

Alifika Nyarusenye kwa bodaboda, amevaa gauni lilelile la ndege wa manjano. Mafundi walikuwa wameshika spana.

"Mzee Magesa, shikamoo. Kabla hamjang'oa, naomba nipige pampu. Tangu mfunge mnyororo, nani amejaribu?"

Watu wakatazamana. Hakuna aliyejaribu.

"Ukinywa ukafa?" sauti ikatoka nyuma.

"Sinywi. Napiga, namwaga."

Mzee Magesa akafungua mnyororo. Jenoveva akavua viatu, akashika mpini. Alipiga mara ishirini, pampu ikakoroma. Mara hamsini, yakatoka maji ya tope, haba. Watu wakaanza kuguna. Masatu akawasili anahema, akanyoosha mkono kumsaidia.

"Niache," alisema Jenoveva, jasho likimtiririka. "Aliyedhamini ni mimi."

Alipiga mpaka viganja vikachubuka. Maji yakawa meupe, yakawa ya kijivu, na ghafla mpini ukawa mzito mikononi mwake, bomba likatapika maji yenye nguvu hata yakamrukia Mzee Magesa kofiani. Walibadilishana zamu, wakamwaga saa nzima mpaka yakawa maangavu kama kioo. Ndipo Masatu akaijaza chupa ya kwenda kupimwa, na mtu akasogeza ndoo.

Mama Marieta alikuwa ameketi kwenye jiwe na kopo lake la karanga, kama alivyozoea. Ndoo ilijaa, ikafurika. Alitazama mkononi: alikuwa amebangua karanga nane.

"Nane tu!" akaita, akainua kiganja watu wote waone. "Hesabuni wenyewe!"

Mzee Magesa alivua kofia iliyolowa. "Binti, hapa nilipo sikudai kitu."

Masatu aliinama mbele ya mama, akamwamkia. Mama akamtazama buti zake, shati lake, macho yake, kisha akasukuma karanga zile nane kwenye kiganja chake.

"Baba, yapeleke maji yako yakapimwe. Yakirudi mazuri, waambie wazee wako wa Nyegina waje. Maji ya kunawa yapo."

Jenoveva akacheka na kulia kwa pamoja, mikono iliyochubuka akiwa ameifumbata katika gauni lake.

Nawe uliyeifikisha hadithi hii mwisho, usiifungie kabatini. Msomee jirani ambaye bado hajajua herufi, naye akamsimulie aliye kisimani akisubiri ndoo yake ijae.