Udongo Usiokauka

Ilikuwa Jumapili ya kawaida. Nguo zilikuwa kambani, redio ya jirani ikipiga kelele peke yake, na Fundi Saa alikuwa ameketi dirishani akimkata mwanajeshi vipande. Mguu wa kushoto alikuwa nao mkononi. Wa kulia ulikuwa kwenye sahani ya chai, kando ya kichwa.

Lilikuwa sanduku la sanamu ya kuunganisha, ya askari ambaye akisimama wima hangezidi urefu wa kidole chako cha kati. Vipande vyake huja vimeng'ang'ania fremu za plastiki, nawe unavikata, unavipiga msasa, unavigandisha, kisha unavipaka rangi tabaka juu ya tabaka. Kwa mtu anayeshinda kutwa kibandani amebana kioo jichoni akichokoa matumbo ya saa za watu, hiyo ingekuwa kazi ya kupumzisha akili. Fundi hakuwa akipumzika. Alikuwa akimfukuza mtu nyumbani kwake.

Mtu mwenyewe ni kaka yake, Koplo. Alikwenda vitani akiwa bado bwana harusi, na kilichorudi ni viatu. Askari mwenzake aliyevileta alikunywa maji, akakabidhi mfuko, akasema bila kuzunguka kwamba mwili hawakuuona. Viatu walivikuta ukingoni mwa mto, basi. Siku hiyo nyumbani alikuwepo Fundi peke yake. Shemeji yake aliporudi, Fundi alimwambia jingine kabisa: kaka amezikwa, wenzake wamesimama kaburini. Aliyekufa huacha mjane, aliyepotea huacha mke, na Fundi alikuwa na haja na mjane.

Akamwoa. Mtaa haukosi la kusema, nao ulisema mke wa mtu ni sumu, ukaendelea kumwita yule mama "mke wa Koplo" mchana kweupe, Fundi akiwa palepale na kikapu mkononi. Hata yeye mwenyewe ulimi ulikuwa ukimteleza, akamwita shemeji mezani.

Na Koplo hakutoka. Sebuleni ilikuwapo picha yake, kubwa kama mlango wa kabati, ikimkodolea macho kila aliyekula. Juu ya kabati la chumbani vilikuwapo viatu, ndani ya mfuko wa nailoni, na udongo wake, kwa kuwa mkewe hakutaka vifutwe. Bomba likivuja, Koplo angelitengeneza. Mchele ukiungua, Koplo angeula bila kununa. Kupimwa na mtu aliye hai ni taabu, lakini marehemu hakosei, na Fundi alimchukia kaka yake kuliko alivyowahi kumchukia akiwa hai.

Siku moja waligombana hadi mkewe akatoa sharti. Nitengenezee kitu cha kumkumbuka, alisema. Nikimwona ni yeye, picha na viatu vitatoka leo hiyohiyo. Nisipomwona, vibaki, na wewe ufunge mdomo. Fundi alikubali haraka mno. Kaka mkubwa ukishamfupisha hadi kidole ukamfungia kabatini, aliwaza, atakuwa amebaki na ukubwa gani?

Ndipo akaanza. Uso uliokuja na sanduku ulikuwa wa mtu baki, akaujaza puti ya kuzibia na kuuchonga upya: taya la Koplo, pua ya Koplo, lile sikio lililosimama. Alipaka ngozi tabaka nyembamba mpaka ikaonekana ina damu. Alichora mikunjo ya sare kwa brashi ya nywele chache. Kila alipomaliza mkewe alikuja, akaangalia, akasema siyo yeye, akarudi jikoni. Mara ya mwisho alisimama kidogo zaidi.

"Huyu hajafika popote," alisema. "Ametoka dukani."

Fundi alitukana kimoyomoyo, lakini alijua mwanamke anasema kweli. Viatu vya askari vilikuwa safi. Na wapenzi wa sanamu hizi hawachori tope kwa rangi. Huchukua udongo wa kweli, wakaukausha, wakauchekecha kwa soksi ya nailoni, wakauchanganya na gundi na kuupaka. Udongo wa uani ungetosha. Fundi aliinuka kuufuata, na alipopita chumbani macho yake yakapanda juu ya kabati. Mkewe alikuwa sokoni.

Alivishusha. Alijisikia raha, tusijidanganye. Raha ya mtoto anayevunja kitu cha mwenzake. Udongo uliokaa miaka kwenye soli ungekuwa vumbi. Huu uliachia kisuni ukiwa laini, kama unga uliokandwa sasa hivi. Hakuukausha, hakuuchekecha. Aliuchanganya na gundi, akaupaka miguuni, akautandaza kwenye kibao kidogo cha mbao pale dirishani na kumsimamisha askari humo, uso ukielekea barabarani.

Tope la namna hiyo hukauka kabla chai haijapoa. Hili halikukauka. Alilianika juani. Alilielekezea feni. Gundi iliyodondoka mezani ikawa ngumu kama kucha, na kibao kikabaki kinameta maji. Chumba kilianza kunuka mto.

Mkewe aliingia na kikapu, akasimama mlangoni. Kikapu kilimponyoka, vitunguu vikabingirika hadi chini ya meza.

"Ni yeye," alinong'ona.

Alitimiza ahadi palepale. Picha aliishusha na kuigeuza ukutani. Viatu alivitupa jalalani bila hata kuvitazama mara ya pili. Fundi alikuwa ameshinda, na alingoja moyo wake ufurahi. Mkewe akavuta kiti, akakaa mbele ya dirisha, akatulia kama mtu aliyefika kwao.

Tangu hapo hakugomba tena. Bomba lilivuja, hakusema neno. Alikula pale kitini. Alichambua mboga pale kitini. Fundi aliporudi mchana kula alimsikia kabla ya kufungua mlango: sauti yake ya chini, kisha kimya cha kutosha jibu, kisha sauti yake tena, na kicheko kidogo ambacho Fundi hakuwahi kukipata katika ndoa nzima. Akiingia, kinakoma. Fundi aliona aibu kumwonea wivu mwanasesere.

Kisha akagundua kwamba askari hatazami tena barabarani. Anatazama kiti.

"Wewe ndiye uliyemgeuza?" aliuliza.

Mkewe alitikisa kichwa. Baadaye, akikunja nguo, akasema taratibu bila kuinua macho:

"Ameniuliza nani alimzika."

Shati lilikuwa mkononi mwa Fundi. Alilishika tu.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia akuulize wewe."

Siku iliyofuata Fundi hakufungua kibanda. Alingoja mkewe aende uani kuteka maji, akachukua kisu chake chembamba. Kusudi lake lilikuwa kumbandua yule askari miguuni, kumvunja viungo, kumrudisha alivyokuja. Jua lilikuwa kali. Watoto walikuwa wanacheza nje. Aliingiza kisu chini ya soli.

Kibao kile kilikuwa na unene wa kidole. Kisu kiliingia. Kikaendelea kuingia. Hakikugusa ubao. Kiliingia hadi mpini, na Fundi aliinama kutazama chini ya kibao. Hakuna ncha. Meza ilikuwa kavu.

Alikivuta. Kikavutwa kwenda chini.

Aliachia. Mpini ulizama polepole, tope likajifunga juu yake, likatulia. Uso wa askari haukubadilika. Ulikuwa uleule alioupaka yeye, tabaka kwa tabaka, na Fundi aligundua kwamba alikuwa ameupaka kwa chuki, na chuki ilionekana.

Mkewe alimkuta sakafuni, mgongo ukutani. Alitua ndoo. Hakumuuliza anaumwa nini. Alichuchumaa mbele yake, karibu, akamshika mikono yote miwili. Hakuwa amemshika hivyo siku nyingi.

"Niambie mara moja tu," alisema. "Yule aliyeleta viatu. Alikwambia waliliona kaburi?"

Hapo mlango ulikuwa wazi kwa Fundi. Mto, ukingo, viatu viwili bila mtu: maneno machache tu, naye angepumua. Lakini angepumua peke yake. Mwanamke asiye mjane angeinuka, angechukua khanga yake, na angekwenda kumtafuta mumewe hata kwa magoti. Fundi alimpenda. Hilo nalo tusimnyime. Alimpenda kwa ubahili, kama mtu anavyokipenda alichokiiba.

"Walilichimba wao wenyewe," alisema. "Walimzika vizuri."

Mkewe alimtazama. Kisha akatazama dirishani, kama mtu anayesikiliza. Akaachia mikono.

"Haya," alisema. Hakuwa akimjibu Fundi.

Kesho yake Fundi alikwenda kibandani kwa sababu hakuweza kukaa mle ndani. Aliharibu saa ya mteja. Akarudi kabla ya chakula. Mlango ulikuwa wazi, chungu kilikuwa motoni, nguo za mkewe zote zilikuwepo. Mshonaji wa nyumba ya pili aliinua mguu kwenye cherehani na kumwita.

"Mke wako katoka sasa hivi. Mlikuwa na safari?"

Fundi aliuliza katoka na nani.

"Peke yake. Alikuwa anacheka. Mkono kauweka hivi, kama aliyeshikwa kiwiko." Mshonaji alisita, akapunguza sauti. "Lakini aliniaga vibaya, nikashangaa. Alisema, sisi tumekwenda, jirani. Nikatazama nyuma yake. Sikuona mtu."

Walimtafuta. Walikwenda kwao, wakaenda hospitali, wakaenda polisi, na wale wa polisi wakamtazama Fundi kwa jicho baya ambalo mtaa ulilifurahia. Karibu na mtaa ule hakuna mto. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema watu, lakini ya mwanamke yule hakuna aliyejua ilipoishia.

Hayo yalikuja baadaye. Mchana ule, Fundi aliingia ndani, akaenda dirishani. Askari hakuwepo. Udongo ulikuwa umekauka, mgumu kama tofali, umepasuka kwa jua. Alibana kioo chake jichoni, akainama.

Mlikuwa na nyayo. Za kiatu, kila moja kama punje ya maharage. Kando yake, ndogo zaidi, nyayo za mguu mtupu wa mwanamke, vidole vyote vikionekana. Zilianza katikati ya kibao, zikaenda sambamba, bila haraka, mpaka ukingoni, zikakoma.

Fundi alisogeza kioo. Kulikuwa na nyayo za kiatu nyingine. Hizi ziliingia kutoka ukingoni. Alirudi mtu mmoja, akasimama akielekea kiti cha Fundi cha kazi, na hapo tu, chini ya nyayo mbili za mwisho, udongo ulikuwa bado mbichi.