Soksi na Maswali Matatu

Siwema alikuwa na miaka saba. Aliishi Tanga, kwenye nyumba ya kobe.

Naam, nyumba ya kobe! Kobe waliopotea, kobe walioumia, kobe walioibwa. Wote waliletwa kwa Mama yake Siwema awatunze.

Kobe mgeni aliwekwa mezani. Mama alifungua daftari, akamuuliza maswali matatu:

"Jina lako nani?
Ukoo wako gani?
Kwenu wapi?"

Lakini kobe hasemi, jamani. Kobe hutazama tu. Kwa hiyo Siwema alimtazama mgongoni, akamjibia, na Mama akaandika.

Kobe wa huku, mwenye madoa mgongoni, alibaki bustanini. Kobe wa mbali alirudishwa kwao.

Siku moja alikuja mgeni mdogo kama limau. Alikuja ndani ya soksi!

"Wezi walimficha humo," alisema Mama. "Maskini, na soksi yenyewe inanuka!"

Kobe mdogo akatoa kichwa. Akamtazama Siwema. Siwema akampenda pale pale.

Mgongo wake ulijaa tope. Akamfuta kwa kidole. Hee! Mgongoni hamna madoa. Mna mistari ya njano, imekaa kama nyota.

Siwema alijua maana yake. Huyu ni wa mbali. Huyu ataondoka.

Haraka haraka akamrudishia tope lake.

Mama alikuwa anampaka dawa kobe mwingine. Akauliza bila kugeuka:

"Haya, mwanangu. Jina lake nani?"

"Soksi."

"Ukoo wake gani?"

"Kobe wa madoa, Mama."

"Kwao wapi?"

Moyo wa Siwema ulidunda. Du, du, du.

"Hapa," alisema Siwema.

Mama akanawa mikono. Akaandika: *Hapa.*

Basi Soksi akabaki. Kila asubuhi, kabla Mama hajaamka, Siwema alimpaka tope mgongoni.

Kobe wa madoa walikula mchicha. Katu, katu, katu. Soksi hakula.

Kobe wa madoa walilala wawili wawili, wameegemeana. Soksi alilala peke yake.

Akiamka, alikwenda ukutani. Akakwaruza kwa kucha zake ndogo. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Kula, Soksi," Siwema alimbembeleza. "Mchicha mtamu huu."

Kwaru, kwaru, kwaru.

Siwema akakaa chini. Akakumbuka alipolala kwa shangazi yake Korogwe, wiki nzima. Shangazi alimpikia maandazi kila siku. Hata hivyo alilia kila siku, kwa sababu Mama hakuwepo.

Siwema alihuzunika. Alihuzunika sana.

Akachota maji kwenye kopo. Akamwosha Soksi, taratibu. Churuu, churuu. Nyota ya kwanza ikatoka. Nyota ya pili. Nyota ya tatu.

Akambeba hadi kwa Mama. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Mama, nilikudanganya. Kwao si hapa."

Mama akatazama zile nyota. Akatazama mikono ya Siwema yenye tope. Hakumgombeza.

"Huyu ni kobe nyota," alisema Mama. "Ukoo wake ni kobe wa nchi kavu. Kobe wetu wa madoa ni binamu zake."

"Kwao wapi, Mama?"

"Kobe nyota wapo India. Wapo Pakistani. Wapo Sri Lanka. Wanakaa kwenye vichaka vikavu na nyasi."

"Ni mbali?"

"Mbali sana, mwanangu. Ng'ambo ya bahari."

"Nitamwona tena?"

"Hapana, Siwema. Hutamwona tena."

Siwema akalia. Mama naye akalia. Wakakaa hivyo hivyo, na Soksi katikati yao.

Jumamosi, Soksi aliwekwa kwenye sanduku lenye matundu na nyasi laini. Siwema akaweka kidole tunduni. Soksi akakigusa kwa pua.

"Kwaheri, Soksi. Nenda kwenu."

Gari la kumpeleka uwanja wa ndege likaondoka. Siwema akabaki na soksi tupu mkononi.

Siku zikapita, nyingi. Kisha picha ikafika kwenye simu ya Mama. Kobe nyota wengi, na mmoja mdogo kuliko wote. Mdomoni ana jani.

"Anakula!" alisema Siwema. Akacheka, huku machozi yanamtoka.

Usiku ule Siwema aliweka ile soksi chini ya mto. Mama alikuwa ameifua, mara tatu! Akamfunika shuka, akamnong'oneza:

"Jina lako nani?"

"Siwema."

"Ukoo wako gani?"

"Wa kwako, Mama."

"Kwenu wapi?"

Siwema akamkumbatia Mama shingoni, akamshika sana.

"Hapa," alisema.

Na safari hii ilikuwa kweli. Akalala.