Tulia, Godelieve

Harufu ndiyo iliyotangulia. Godelieve aliisikia tangu kwenye ngazi za jumba la sanaa za kisasa, pale Ghent, Ubelgiji: mafuta ya rangi yaliyochanganyika na tumbaku mbichi. Ilikuwa harufu ya Wannes, marehemu mumewe, mchoraji, aliyezikwa zamani.

"Mama, tukirudi nyumbani hakuna atakayetucheka," bintiye Annelore alinong'ona.

"Nimekuja kuiona hiyo picha mchana kweupe, kama watu wengine. Twende."

Picha ilitundikwa peke yake kwenye chumba cheupe: mwanamke kijana asiye na mdomo, ameketi kwenye kiti cha jikoni. Wajuzi waliisifu sana. Hawakujua kwamba Godelieve alikalishwa na Wannes kwenye kiti hicho majira ya baridi mazima, mimba ya Annelore tumboni, na kila aliponyoosha mgongo alipigwa mpini wa brashi.

Firmin, mlinzi wa chumba, aliwasogelea. "Mabibi, msikae kwenye benchi hilo mbele ya picha," alisema kwa sauti ya chini. "Jana kuna bwana tulimwinua watu wanne. Baridi kama samaki. Nimewaambia wakubwa, wananiambia nipunguze bia."

Lakini Annelore alikuwa ameshakaa.

"Mwanangu, inuka."

Mikono ya Annelore ilikuwa imejipanga magotini, sawasawa na ya yule pichani, na macho yalimtoka kwa hofu huku midomo yake ikipauka, ikawa nyembamba kama uzi, kisha ikaanza kufifia usoni kama chaki inayofutwa polepole ubaoni, na kutoka ndani ya ukuta, karibu kabisa na sikio la mama, sauti ambayo udongo ulipaswa kuwa umeshaimeza ikasema taratibu, "Tulia, Godelieve."

Mgongo wa Godelieve ukakakamaa. Ulikuwa bado unaikumbuka amri ile.

"Bibi," Firmin alinong'ona, "unamjua huyo?"

"Namjua. Alikuwa mume wangu."

Akainua bega moja. Lilimuuma kama linang'olewa. Akainua la pili.

"Tulia."

"Situlii," alisema. "Nilitulia kwa sababu ya huyu mtoto tumboni. Leo najitikisa kwa sababu yake. Nipige basi, Wannes. Una mkono gani?"

Akauvuka uzio wa kamba uliokuwa mbele ya picha. King'ora kikalia. Akaweka kidole pichani, na rangi, iliyokauka kabla Annelore hajazaliwa, ilikuwa mbichi na vuguvugu kama damu. Kitu kikamshika kifundo cha mkono kutoka upande wa pili wa turubai, kikamvuta hadi paji lake likagusa rangi, naye hakuacha: akakwangua kwa ukucha, akachimba, hadi mwanamke wa pichani akapata mdomo.

Mdomo ule ukapiga ukelele. Ulikuwa ukelele wake mwenyewe, alioumeza majira yale yote ya baridi. Vioo vya dari vikapasuka, watu wakalala kifudifudi, na katikati ya sauti ile mwanamume alisikika akiomba, akilia, akienda mbali, mbali zaidi, hadi kukawa kimya. Harufu nayo ikakatika.

Annelore alikohoa. Midomo yake ilikuwa imerudi, ina damu. "Mama," alisema. "Nilikusikia."

Mkurugenzi alikuja mbio pamoja na polisi. "Umeharibu kazi ya sanaa, bibi."

"Sijaiharibu. Nimeimalizia."

Hawakumshtaki, kwa kuwa Firmin alikataa kutoa ushahidi, na vioo vile hakuna aliyeweza kuvieleza. Baadaye mkurugenzi alimwandikia kwa adabu, akiomba ridhaa yake ili fundi aurudishie uso ule rangi yake ya awali.

Godelieve akampigia simu.

"Mwambie fundi aje," alisema. "Ila atakayeuziba huo mdomo, kwanza akae yeye kwenye kile kiti nilichokalishwa mimi."

Hakuna fundi aliyekuja.