Mla Majina wa Advent

Msichana mdogo mwenye bangili za plastiki alisimama mbele ya kiti chekundu, akamtazama Baba Krismasi toka kofia hadi buti, kisha akamgeukia mama yake.

"Nikae kwa yupi?"

Watu kwenye foleni wakaangua kicheko. Ilikuwa Julai, lami inanata kwenye viatu, na ndani ya duka la akina Zerbe alikuwepo mzee mmoja tu aliyevaa ndevu za pamba. Marlene Zerbe, mwenye duka, akainama kwa mtoto.

"Baba Krismasi ni mmoja tu, mpenzi."

"Mimi naona wawili," mtoto akasema. "Huyu, na yule aliye nyuma yake."

Nyuma ya kiti palikuwa na ukuta, na ukutani shada la misonobari. Mama mtu akaona aibu, akamvuta mwanawe, wakaondoka bila picha. Marlene akaita anayefuata.

Hakuna aliyeshangaa watoto kusema ovyo pale Advent. Mji wenyewe ulikuwa wa kitoto: vilima vya Pennsylvania pande zote, mitaa ina majina ya kengele na malaika, taa za rangi hazizimwi hata kiangazi, na juu ya kila nguzo kipaza sauti kinaimba nyimbo za kumngoja ajaye. Jina la mji ni yale Majilio ya kanisani, majuma ya kungoja. Tofauti ni kwamba kanisani hungojwa majuma manne, na Advent walingoja mwaka mzima, maana huko kungoja ndiko kulikowaletea wageni tangu mgodi wa makaa ulipofungwa.

Jioni ile Marlene alipopangusa kiti, kitambaa kilikuwa kimelowa, tena baridi, kama kilichotolewa kwenye jokofu. Akaunusa ule unyevu kwenye kiganja chake. Ilikuwa harufu ya mshumaa uliopulizwa sasa hivi, na chini yake harufu nyingine, ya manyoya ya mnyama aliyenyeshewa.

"Kiyoyozi kinavuja," akajiambia, akazima taa.

Baba yake ndiye aliyekalia kiti kile tangu Marlene akiwa msichana. Mji mzima ulimpenda mzee Zerbe. Duane Fetterolf, muuza soseji wa ng'ambo ya barabara ambaye pia ndiye aliyetunza vipaza sauti, hakupita bila kumchokoza. "Mzee, hilo tumbo ni mto au ni soseji zangu?" Na mzee humjibu, "Soseji zako hazijengi tumbo, Duane, zinabomoa."

Wiki iliyofuata mzee alianza kuwaita watoto kwa majina kabla hawajajitambulisha.

"Njoo, Nolan," alimwambia mvulana mwenye mapengo, na mama wa mvulana yule, Colleen, akashika mdomo kwa mshangao. Akafuata Bridget, akafuata Amos. Wazazi walipiga makofi, wakapiga picha, wakapigia ndugu zao simu. Habari zikaenea, na foleni ikatoka nje ya duka, ikapita kwa Duane, ikapinda hadi kwenye kituo cha zimamoto. Advent haikuwa imeona watu namna ile kwa miaka mingi.

Marlene alimfuata baba yake chumba cha nyuma wakati wa chakula. Mzee alikuwa amevua ndevu, anakunywa chai huku akitetemeka, na nje jua linachoma.

"Baba, majina unayajuaje?"

Mzee alitazama mlango kwanza. "Siyajui," akasema kwa sauti ya chini. "Nanong'onezwa. Hapa, nyuma ya sikio. Pumzi yake baridi, mwanangu, hata shingo imekufa ganzi. Na nikilitamka jina, nasikia kama mtu anameza."

"Anameza?"

"Anameza. Tufunge duka, Marlene. Hata leo."

Marlene alisikia vishindo vya watoto upande wa pili wa ukuta. Alifikiria majirani waliokuwa wamekwisha kuhama kwa kukosa riziki. "Umechoka tu, Baba," akasema. "Jikaze hadi Jumapili, tutapumzika."

Lakini Colleen alirudi kabla ya Jumapili. Hakupanga foleni. Macho yamevimba, alimburuta mwanawe hadi kwenye meza ya Marlene, ambayo chini yake alikuwa amekalishwa Tessa, binti wa Marlene, na juisi yake.

"Mwite," akasema.

"Nini?"

"Mwite mwanangu jina lake!"

"Nolan," Marlene akaita.

Mvulana alikuwa akitazama vinyago vya kulungu kwenye rafu. Hakugeuka. Marlene akaita tena, kwa nguvu, watu wakageuka wote isipokuwa yeye.

"Nolan ni nani?" mvulana akamuuliza mama yake.

"Ni wewe, baba. Ni wewe," Colleen akasema, akaanza kulia. "Tangu tulipotoka hapa. Halali, haitiki. Namkumbatia, ananivumilia tu kama unavyomvumilia mgeni. Mmemfanya nini?"

"Jina nilimpa yule mzee," mvulana akasema taratibu. "Siyo wa mbele. Wa nyuma."

Hapo Marlene akazikumbuka zile bangili za plastiki na ule mkono mdogo ulioelekeza ukutani, na papo hapo akakumbuka kwamba binti yake Tessa, aliyekatazwa kuchezea kwenye chumba cha kiti, alikuwa amemaliza juisi yake kitambo na hakuwa tena chini ya meza, naye akakimbia, akiwapiga watu vikumbo, akiangusha kapu la kengele zilizolia sakafuni kama zinamcheka, akafika mlangoni na kumwona mtoto wake amekaa juu ya paja la babu yake, miguu inaning'inia, na mdomo wa mzee ndani ya zile ndevu za pamba ukifunguka polepole, kama mdomo unaofunguliwa na vidole vya mtu mwingine.

"Baba, usiseme!"

"Tessa," ukasema mdomo ule.

Mtoto akashuka. Akaitengeneza sketi yake. Marlene akapiga magoti, akaita, "Tessa. Tessa, mama. Tessa!" Mtoto alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mama wa watu anayemtafuta mwanawe sokoni.

Machozi yalikuwa yakimtiririka mzee Zerbe. "Sikusema mimi," akanong'ona. "Haki ya Mungu wangu, sikusema mimi."

Na kutoka nyuma ya bega lake, pale penye shada la misonobari, sauti nyingine ikajibu kwa upole: "Nimesema mimi."

Wageni wote walikuwa wamekimbia kabla Marlene hajasimama.

Juu kidogo ya mji aliishi Bi Salome Hostetter, aliyetibu watu wa vilima vile kama mama yake na bibi yake walivyowatibu: kwa kupuliza, kwa uzi mwekundu, na kwa maneno ya Biblia yasemwayo chini ya pumzi. Waumini walimsengenya Jumapili na kumpelekea watoto walioungua Jumatatu. Duane alimleta kwa gari lake la soseji. Bibi alishuka na aproni yake, mikono ina unga, akasimama katikati ya barabara akiisikiliza nguzo.

"Zima hizo nyimbo kwanza."

"Bi Salome, hizo zinaimba tangu babu yangu—"

"Ndiyo maana nakwambia zima. Miaka yote mnaita njoo, njoo, asubuhi hadi jioni, mwezi wa nne, mwezi wa saba, wakati hata ninyi wenyewe hamumngoji mtu. Mlidhani ataitika nani? Mwenyewe aitwaye ana siku yake. Asiye na siku huja siku yoyote."

Duane akaenda, akazima. Marlene hakuwahi kuusikia mji wake ukiwa kimya, na kimya kile kilimtisha kuliko sauti.

Waliingia chumba cha kiti wakiwa watatu na mtoto. Mzee Zerbe, aliyekuwa bado kitini, alijaribu kuinuka, kitambaa kikamng'ang'ania. Bi Salome akamfunga uzi mwekundu kifundo cha mkono, akapuliza, akanong'ona, akapuliza. Kioo cha dirisha kikaota barafu kwa ndani, na harufu ya manyoya yaliyolowa ikajaa hadi Duane akaziba pua.

"Nani amekuita?" Bi Salome akauliza.

"Wote," sauti ikasema. "Nikaitika. Nikapewa kiti."

"Rudisha majina ya watoto, uende zako."

"Niende kwa jina gani? Nimekuja sina. Sitatoka tena mtupu kwenye baridi."

Marlene akauona uso wa Bi Salome ukilegea, akajua kwamba maneno yake yamemwishia.

"Chukua langu," mzee Zerbe akasema.

"Baba, nyamaza!"

"Mwanangu, langu limechakaa. Nimelitumia kuoa, nimelitumia kukuzaa wewe, nimelitumia kumzika mama yako. La mtoto huyu bado halijatumika."

"Mzee, jina si koti," Bi Salome akamwonya, mkono wake juu ya ule uzi. "Likienda, linaondoka na njia ya watu kukufikia."

"Nimesikia." Mzee akamgeukia mjukuu wake, aliyekuwa akimtazama bila kumjua, akatabasamu. Kisha akavua ndevu ili aseme kwa mdomo wake mwenyewe, akalitamka jina lake, lile alilopewa kwa maji kanisani akiwa mchanga, na wote waliokuwa mle chumbani walilisikia wazi, na wote, lilipokuwa bado linalia masikioni mwao, walihisi likiwatoka kama mvuke unavyotoka kwenye kioo, huku nyuma ya kiti kitu kikimeza, kikameza tena, kikaanza kuburuta miguu mizito iliyolowa kuelekea mlangoni, kikapita katikati yao bila kuonekana, kikaacha ubaridi kwenye mashavu yao, na uzi mwekundu ukakatika wenyewe.

"Mama," Tessa akasema, "mbona unalia?"

Simu ya Marlene ikaita. Alikuwa Colleen, na nyuma yake mvulana akipiga kelele kwamba ana njaa.

Furaha ile haikudumu. Kwenye leseni ya udereva ya mzee palikuwa na picha yake, na pembeni mahali peupe. Marlene alikwenda makaburini, kwenye jiwe ambalo baba yake alilichongesha kwa ajili yao wawili mama yake alipofariki. Upande mmoja ulisema Irma. Upande wa pili ulikuwa laini, kana kwamba patasi haikuwahi kuugusa.

Duane alivuka barabara kumchokoza mzee kama kawaida yake. Akafungua mdomo, akabaki hivyo. "Wewe... mzee," akasema mwishoni, akarudi dukani kwake, hakuja tena siku ile. Marlene alimwita Baba, na mwanzoni mzee aliitika. Baadaye ikabidi amguse bega. Alikula, akalala, akakaa dirishani akiwa na uso wa mtu anayengoja kituoni basi lisilopita tena njia ile. Vipaza sauti havikuwashwa tena. Wageni wakapungua. Hakuna aliyemlaumu Marlene waziwazi, na yeye mwenyewe hakuhitaji msaada wa kujilaumu.

Desemba ilipofika, theluji ikaanguka usiku kucha. Asubuhi walikuwa mezani watatu, chapati za maji na molasi, mlango ulipogongwa.

"Nani?" Marlene akauliza.

Sauti iliyojibu ilikuwa ya baba yake, siyo ya sasa, ila ile nene ya zamani, iliyomwita toka bustanini akiwa mdogo. Ikajitaja jina. Marlene akalisikia, akajua ndilo, akataka kulishika, likamponyoka.

"Ni mimi," ikasema. "Nje baridi. Nifungulieni."

Mzee Zerbe aliinua kichwa. Uso wake, uliokuwa umekufa tangu Julai, ukachangamka kama wa mtoto aliyekumbukwa. Akasukuma kiti nyuma.

"Wananiita," akasema. "Marlene, kuna mtu ananiita!"

"Baba, kaa."

"Niitike mara moja tu. Mara moja tu, mama."

Marlene akamshika mikono yote miwili, akamkandamiza kitini, na mzee akamsihi huku akilia, na Tessa akaja akamkumbatia babu yake miguu kwa nguvu zake zote. Mlango uligongwa, ukagongwa, kisha ukanyamaza. Wakasikia hatua nzito zikizunguka nyumba kwenye theluji, bila haraka. Zikasimama chini ya dirisha la jikoni, na sauti ikaliita tena lile jina, sasa kwa upole zaidi.